Usiku Mmoja Katika Vizimba vya Sato: Uchambuzi wa Kisa cha Ghuba ya Mwanza

Mwishoni mwa Machi, masika yakiwa yamekwisha kushika, kikundi kimoja cha wafugaji wa samaki katika Ghuba ya Mwanza kilipoteza sato wake wote kati ya saa tisa usiku na mapambazuko. Vilikuwa vizimba sita, na samaki walikuwa wamebakiza wiki chache tu kuvunwa. Vifaranga, chakula, nyavu na mapipa ya kuelea vilikuwa vimenunuliwa kwa mkopo, na mkopeshaji alitaka maelezo ya maandishi kabla ya kukubali kuzungumzia suala la marejesho. Kwa kuwa nilifundisha sayansi kwa miaka mingi katika shule ya jirani, na baadhi ya wanakikundi nimewafundisha mimi mwenyewe, niliombwa kusaidia kuandaa maelezo hayo. Ninayoyaandika hapa yanatokana na kazi ile, ila jina la kikundi, la mwalo na la mkopeshaji sitayataja.

Nianze na mlinzi, kwa sababu ndiye pekee aliyeshuhudia tangu mwanzo. Alilala katika kibanda kilichojengwa juu ya mapipa, kimefungwa kwa kamba kwenye kizimba cha tatu. Siku tatu zilizotangulia zilikuwa za mawingu mazito na ziwa tulivu kabisa, joto la kunata, maji ya kijani yaliyokolea hadi yakaacha utando kama rangi kwenye kuta za mtumbwi. Jioni ile, kiasi cha saa mbili, ikaja mvua ya baridi yenye upepo mkali kutoka kusini, ikapiga hadi karibu saa sita. Mvua ilipokatika alisinzia. Saa tisa akasikia sauti aliyoieleza kuwa kama matone madogo yakidondokea majani makavu, naye akadhani mvua imerudi. Alipowasha tochi akaona midomo. Kila kizimba kilikuwa kimejaa midomo ya samaki iliyo wazi, imebana juu kabisa ya maji, ikifumba na kufumbua. "Mwalimu," aliniambia, "nilidhani wana njaa, nikawamwagia chakula. Hakuna hata mmoja aliyekigusa."

Alimpigia simu mwenyekiti, naye alifika baada ya nusu saa kwa kasia kwa sababu injini haikuwa na mafuta. Kufikia hapo samaki wakubwa walikuwa wameanza kugeuka matumbo juu. Wakafikiria kuachia nyavu ili samaki wakimbilie ziwani, lakini wakaogopa kupoteza mali ambayo bado waliamini inaweza kupona. Kulipokucha maji yalikuwa yamebadilika, kutoka kijani kuwa na rangi ya majivu, na yalinuka kama mayai viza. Nje ya vizimba walielea furu, dagaa kidogo na sato wa ziwani. Kina mama wachuuzi walikuja na makarai, na afisa uvuvi wa kata, kwa busara kubwa, akazuia mtu yeyote kubeba samaki mpaka chanzo kijulikane.

Hapo ndipo kisa hiki kilipotaka kuwa kibaya zaidi ya hasara ya samaki. Eneo lile, kabla ya vizimba kuwekwa, lilikuwa sehemu ambayo mvuvi mmoja wa makila alizoea kutega nyavu zake, na alikuwa amelalamika mara kadhaa mbele ya uongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, kwamba amefukuzwa ziwani na watu wenye mkopo. Mtu mmoja akasema alimwona jana yake jioni akipita karibu na vizimba na mtumbwi wake. Neno "sumu" likatamkwa mara moja, nalo likatosha. Vijana walianza kupanda kuelekea nyumbani kwake na fimbo, na bila mwenyekiti wa BMU kusimama njiani, mzee yule na wanawe wangeumia asubuhi ile.

Siwalaumu sana waliofikiri hivyo. Sumu katika ziwa hili si hadithi ya kutunga. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya samaki kuvuliwa kwa dawa za kuulia wadudu, na watu wa umri wangu wanakumbuka jinsi bei ya sangara ilivyoporomoka na familia za mialoni zilivyokaa bila kipato. Kumbukumbu kama hiyo hukaa katika jamii, na panapotokea vifo vya ghafla ndiyo inayokuwa ya kwanza kufika kichwani. Hata hivyo ushahidi wa asubuhi ile haukuelekea kwenye sumu, na nafurahi kwamba aliyeliona jambo hilo kwanza hakuwa mtaalamu bali mama mmoja muuza samaki, aliyeuliza kwa sauti mbele ya watu wote: mbona kamongo hawajafa?

Kamongo walikuwepo, wawili, kwenye tope la kando ya matete, wazima kabisa. Kamongo ana mapafu. Huja juu, huvuta hewa kama sisi, kisha hurudi chini, na maji yakikosa oksijeni yeye hana shida. Dawa ya kuulia wadudu isingemsaza kwa sababu ya mapafu yake. Ndege nao, waliokuwa wakidonoa samaki waliokufa tangu alfajiri, waliendelea kuruka mchana kutwa. Saa nne asubuhi afisa uvuvi aliazima kipimo cha oksijeni, tukakishusha karibu na kizimba cha tatu. Kina cha mita moja kilisoma miligramu 1.1 kwa lita. Tukaenda kwa mtumbwi hadi maji ya wazi, mbali na ufukwe, kipimo kilekile kikasoma zaidi ya 6. Sato ni samaki mvumilivu, lakini akishinda chini ya miligramu 2 kwa saa kadhaa huku amebanwa ndani ya wavu na maelfu ya wenzake wanaovuta oksijeni ileile, hana pa kwenda. Mzee yule aliombwa radhi siku hiyo hiyo jioni, mbele ya wazee wa kijiji.

Swali lililobaki ni oksijeni ilikwenda wapi, na jibu lake lina sehemu ya usiku mmoja na sehemu ya miaka sitini.

Sehemu ya usiku mmoja ni hii. Maji ya juu yanapopata joto huwa mepesi, yakakaa juu ya maji ya baridi yaliyo mazito zaidi, na pasipo upepo matabaka haya mawili hayachanganyiki. Katika Ziwa Victoria hali hiyo hutawala kuanzia karibu Septemba hadi Mei, na ni upepo wa Juni na Julai unaolichanganya ziwa lote kwa kiasi kikubwa. Katika miezi ya matabaka, kila kinachokufa juu huzama na kuoza chini, na uozo hula oksijeni ya tabaka la chini bila kurudishiwa nyingine. Hewa yenye harufu ya mayai viza hutengenezwa humo. Mvua ya baridi na upepo wa ghafla vilipokuja, maji ya juu yalipoa na kuzama, yale ya chini yakainuliwa na kusukumwa kwenye ufukwe, na vizimba vikajikuta ndani ya maji ambayo siku moja kabla yalikuwa sakafuni. Mwani, yaani viumbe vidogo mno vinavyoyafanya maji kuwa ya kijani, nao ulichangia. Mchana wenye jua, mwani hutoa oksijeni kwa wingi, lakini usiku huivuta kama kiumbe kingine chochote, na baada ya siku tatu za mawingu ulikuwa umetoa kidogo na kuendelea kuvuta kilekile. Ndiyo maana vifo vya namna hii huanguka karibu kila mara kati ya usiku wa manane na alfajiri.

Sehemu ya miaka sitini inahitaji maelezo marefu zaidi. Mtafiti Jack Talling alipima ziwa hili mwaka 1960 na 1961, na vipimo vyake vimekuwa kama picha ya zamani ambayo kila aliyekuja baadaye hujilinganisha nayo. Wakati wake, upungufu mkubwa wa oksijeni ulionekana sehemu za kina kirefu tu na kwa muda mfupi wa mwaka. Miaka thelathini baadaye Robert Hecky na wenzake walipima tena, wakakuta maji yasiyo na oksijeni yanafunika hadi nusu ya sakafu ya ziwa kwa miezi mingi, na mwani umeongezeka mara kadhaa, huku aina za mwani wa kijani-buluu zikitawala mahali pa zile za awali. Kwa maneno mengine, shimo la maji yaliyokufa limepanuka na kupanda juu, na upepo uleule ambao zamani ungeinua maji mazuri sasa huinua maji yanayoua.

Kinacholisha mwani huo ni fosforasi na naitrojeni, na ni rahisi kunyoosha kidole kwa Mto Mirongo, unaokatiza katikati ya jiji na kubeba kila kinachotupwa kando yake, au kwa Mto Simiyu, unaoshusha udongo wa mashamba ya pamba na mahindi hadi Ghuba ya Speke. Vyote viwili vina sehemu yake. Lakini kipimo kilichonishangaza nilipoanza kusoma kuhusu jambo hili ni kile cha mtafiti Mtanzania Rashid Tamatamah na wenzake, waliochapisha mwaka 2005 matokeo yanayoonyesha kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani hushuka kutoka angani, kwa mvua na kwa vumbi. Moshi wa mbuga zinazochomwa, majivu ya mashamba yanayosafishwa kwa moto, vumbi la ardhi iliyokwanguliwa na mifugo, vyote hupanda, husafiri, na kuangukia kwenye eneo la maji la karibu kilomita za mraba 68,800. Mkulima anayechoma majani yake mamia ya kilomita kutoka ziwani hajawahi kufikiri kwamba analirutubisha, wala hakuna sheria ndogo ya kijiji cha ufukweni inayoweza kumfikia.

Hii ndiyo sababu sikukubali, katika maelezo tuliyomwandikia mkopeshaji, kutumia maneno "janga la asili". Mwaka 2009 Johan Rockström na wenzake walipendekeza mipaka tisa ambayo mwanadamu akiivuka anaiweka dunia nzima katika hali isiyotabirika, na tathmini ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba sita kati yake imekwisha kuvukwa, ukiwamo ule wa fosforasi na naitrojeni na ule wa tabianchi. Mtu anaposoma habari hiyo akiwa Mwanza anaweza kudhani inahusu viwanda vya mbali. Lakini ukikaa ufukweni alfajiri kama ile unaona mipaka miwili kati ya hiyo ikikutana ndani ya kizimba kimoja, kwa kuwa rutuba iliyozidi huongeza uozo wa chini, na joto linaloongezeka huyafanya maji ya juu kuwa mepesi zaidi, matabaka yakawa magumu kuchanganyika, na wakati huohuo maji yenye joto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza ambapo wastani wa joto la dunia ulizidi nyuzi 1.5 juu ya ule wa kabla ya zama za viwanda. Wafugaji wetu hawakuchangia hata chembe inayoweza kupimwa katika joto hilo.

Kwa upande mwingine, kisa hakiwi cha kweli nikiacha makosa ya hapa nyumbani. Vizimba viliwekwa mahali ambapo maji yana kina cha mita saba, na wavu unashuka mita nne, hivyo kati ya kitako cha wavu na tope palibaki mita tatu tu. Kinyesi cha samaki na chakula kisicholiwa vilikuwa vikirundikana papo hapo, msimu hadi msimu, bila mkondo wa kuviondoa. Kwa nini hawakwenda maji ya kina? Sababu walizonipa zilikuwa za busara zote. Kina kirefu kinahitaji kamba ndefu, nanga nzito na mafuta ya injini kila siku. Mawimbi ya wazi hupasua fremu. Na zaidi ya yote, wezi: kizimba ambacho hukioni kutoka nyumbani ni kizimba cha mtu mwingine. Mahali palipo salama dhidi ya mwizi na wimbi ndipo palipo hatari kwa oksijeni, na fomu ya mkopo waliyoijaza haikuwa na swali hata moja juu ya kina, mkondo wala umbali kutoka kizimba hadi kizimba. Ufugaji huu unakua haraka. Januari 2024 serikali ilikabidhi boti na vizimba kwa mikopo hapa Mwanza, na ninaunga mkono mpango huo kwa moyo wote, kwa sababu samaki wa kuvuliwa hawatoshi tena. Lakini kila kizimba kipya kinachopangwa kwa kufuata urahisi wa ufukwe kinaongeza mzigo juu ya maji yaleyale ya ghuba iliyofungika, na hasara ya jirani inakuwa hasara yako.

Jambo lililoniuma kuliko yote nililigundua katika siku ya pili ya mahojiano. Siku mbili kabla ya vifo, wavuvi wa dagaa waliotoka kwenye maji makubwa alfajiri walikuja na sangara watatu wakubwa ambao hawakuvuliwa kwa ndoana wala wavu. Waliwakuta wanaelea, wakiwa hai bado, wanahema. Mmoja alizidi kilo kumi. Palikuwa na furaha mwaloni, samaki wakakatwa na kuuzwa kabla ya saa tatu. Sangara ni mmoja wa samaki wa ziwa hili wasiovumilia kabisa upungufu wa oksijeni, na anapoonekana juu akihema, mara nyingi maana yake ni kwamba maji mabaya yameinuka kutoka chini huko aliko. Desemba 2020 na Januari 2021, upande wa Uganda, sangara walikufa kwa wingi wakasukumwa hadi fukweni, na wataalamu wa huko walitaja upungufu wa oksijeni. Novemba 2022 wafugaji wa vizimba wa upande wa Kisumu walipata pigo linalofanana na hili letu. Habari hizo zilisomwa redioni. Ishara ilifika mwaloni kwetu ikiwa na mapezi na magamba, ikapimwa kwenye mizani, ikauzwa, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kutembea mita mia nne kwenda kuwaambia watu wa vizimba.

Wangeambiwa wangefanya nini? Hili mkopeshaji aliliuliza, na ni swali la haki. Wangeacha kulisha, kwa sababu samaki aliyeshiba hutumia oksijeni nyingi zaidi wakati wa kumeng'enya. Wangevuna wale waliokwisha kufikia uzito wa kuuzwa, wakapunguza msongamano. Wangevuta vizimba viwili au vitatu kuelekea nje, kazi ngumu lakini inayowezekana kwa mitumbwi miwili yenye injini na ziwa likiwa tulivu kama lilivyokuwa. Si wote wangepona, ila hata theluthi moja ingelipa chakula.

Lipo jambo moja la pembeni ambalo sikuweza kulipita, ingawa mkopeshaji hakuwa na haja nalo. Mita sitini hivi kutoka vizimba kuna mahali ambapo kaya zisizo na bomba huchota maji ya kunywa. Mwani wa kijani-buluu wa aina zinazoonekana katika ghuba hii unaweza kutoa sumu ya ini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Mama anayechemsha maji ya kijani akidhani amemaliza kazi anastahili kuelezwa wazi, kwa hiyo niliandika ukurasa mmoja na kuubandika kwenye zahanati na kwenye ofisi ya kijiji: maji yakiwa na utando, usichote hapo, nenda kwenye kisima au chota mbali na utando.

Mkopeshaji alikubali kuahirisha marejesho kwa miezi kumi na minane bila kufuta deni. Kikundi kimebaki na vizimba vinne, vimesogezwa hadi kina cha mita kumi na nne, na wamekubaliana na vikundi viwili jirani kulipia mlinzi mmoja mwenye boti anayezunguka usiku, jambo ambalo lilipaswa kufikiriwa tangu awali. Kipimo cha oksijeni hawajaweza kununua. Badala yake nimewatengenezea sahani ya bati, upana wa kiganja na nusu, imepakwa rangi nyeupe na nyeusi kwa robo, ikiwa na kamba yenye mafundo kila sentimita ishirini. Kila asubuhi mmoja wao huishusha na kuandika daftarini ni fundo la ngapi sahani inapotea machoni. Sahani hiyo haipimi oksijeni, ila inaonyesha mwani unavyonenepa siku hadi siku, na ikipotea kabla ya fundo la nne wanapunguza chakula kwa nusu.

Wavuvi wa dagaa nao wamo katika mpango. Mwenyekiti wa BMU ameandika namba nne za simu kwa rangi kwenye ukuta wa banda la mizani, na anayeleta sangara aliyeokotwa akielea hapimiwi samaki wake mpaka apige mojawapo aseme alimwokota wapi na saa ngapi. Mzee wa makila aliyeshukiwa asubuhi ile ndiye aliyepiga simu ya kwanza, mwezi Novemba, alipokuta sangara mmoja anahema karibu na mdomo wa ghuba. Siku hiyo walisimamisha chakula na kuvuna kizimba kimoja usiku. Upepo haukuja, na samaki waliobaki walikuwa hai asubuhi.